Waya Hauruki Bonde

Hapa Nyamwaga hakuna anayeijua intaneti kunizidi mimi, Magige. Nimemaliza kidato cha nne. Kompyuta ikiniona tu, inajiwasha yenyewe.

Dada yangu Bhoke alikuwa akipokea intaneti kwa waya wa simu, kisha anawagawia majirani: zahanati, duka la dawa na wanunuzi wa dhahabu waliotaka bei ya siku. Lakini ilijivuta. Kila jioni alikaa mlangoni, vumbi la maduara, yale mashimo ya dhahabu, usoni, akipokea lawama.

"Bhoke, bei haifunguki!"

"Naona, baba. Subiri kidogo."

"Kusubiri tumechoka. Kesho tunahama."

Hata yeye alikuwa amechoka.

"Nunua kifurushi kikubwa kuliko vyote," nikamwambia. "Kituo cha simu si kile ng'ambo ya bonde? Paa tunaliona!"

"Bei yake ni mtamba wangu, Magige. Sina mwingine."

"Uza."

Mokami, muuza uji wa pale mlangoni, alikuwa akitusikia huku akikoroga uji.

Asubuhi akaja Bupe, fundi wa simu. Akapima laini, akatikisa kichwa.

"Dada, usilipe. Waya hauruki bonde. Unafuata nguzo, unapita sokoni, unazunguka kanisa, ndipo ufike hapa. Intaneti ya waya wa simu inachoka ikienda mbali. Kule duarani, mpira wa maji ukiwa mrefu mno, tanki kubwa linasaidia?"

"Maji ni yaleyale," Bhoke akajibu.

"Basi. Utalipa zaidi, kasi ileile. Kwa nyumba moja, kifurushi kidogo kingetosha. Wewe unagawia watu. Panga chumba jirani na kituo, uvute waya mfupi. Paa mnaliona, kwa hiyo funga antena mbili, moja kule na moja hapa, zitazamane. Lakini uliza kwanza kama mkataba unaruhusu kugawa."

Bhoke akauliza, akaruhusiwa. Akapanga chumba, akachukua kifurushi cha kati, na mahindi ya msimu yakalipia antena. Wateja wakarudi na uchovu wao, ila bei ilifunguka kabla uji haujapoa. Bhoke aliegemea ukuta, akafumba macho. Hakuna aliyemwita.

Mimi nikawa nawaeleza wateja: "Nilimwambia dada tangu mwanzo, apime kwanza ndipo alipe."

Mokami akaweka kata chini.

"We Magige, asubuhi ile fundi anafika, kamba ya mtamba ilikuwa mkononi mwa nani?"

Nyuma ya nyumba, mtamba akalia.