Mume Asiyetajwa Nyumbani

Siku walipokutana, lifti ilikuwa imegoma. Ukumbi wa chini wa lile jengo refu ulifurika watu: makarani waliochelewa, mawakili wenye mafaili kwapani, na mzee mmoja aliyekuwa akiapa kwamba ngazi hapandi hata wambebe. Katikati yao alisimama msichana mwenye blauzi ya njano na sketi nyeusi aliyoishona kwa mkono wake, mikono kainua juu kama anayejisalimisha, na juu ya mikono hiyo limelala gauni jeupe la harusi. Bibi harusi alikuwa akimsubiri ghorofa ya tisa, na pindo lilikuwa karibu kugusa sakafu iliyokanyagwa na nusu ya mji.

Mlango wa lifti ukafunguka kidogo, akajipenyeza fundi wa lifti, kijana mwenye ovaroli ya buluu, uso umejaa grisi mpaka kwenye nyusi. Akalitazama gauni, akamtazama mwenye gauni, akasema kwamba lifti haitapanda leo, ila yeye yuko tayari kumsaidia kubeba.

"Kwa mikono hiyo?" msichana akamuuliza. "Ukiligusa tu, mwenzako ataolewa na madoa."

Kijana akacheka. Hakuligusa. Alitangulia ngazini akitangaza kwa sauti kwamba bibi harusi anapita, na watu wakajibana ukutani. Waliokuwa wakishuka wakampa msichana hongera, wengine wakamtakia watoto wengi, na walipofika juu alikuwa hana pumzi, kwa kupanda na kwa hasira na kwa kicheko alichokuwa akikizuia. Mlangoni kijana alimwambia kwamba ulimi wake unachoma kama kazi yake. Tangu hapo akamwita Sindano, na jina likamkaa.

Sindano alikuwa na chumba cha kushonea kwenye mtaa wa maduka, ukuta mmoja na duka la dawa. Simu ilikuwa ya muuza dawa. Ikilia, mama yule aligonga ukuta mara moja, naye Sindano alijua ni nani hata kabla hajaweka mkasi chini.

"Sindano wangu, umekula?"

"Nimekula. Uko wapi?"

"Niko juu ya jengo. Naliona paa la duka lako kutoka hapa."

"Basi shuka."

"Nikishuka utanipa nini?"

"Sabuni."

Muuza dawa, aliyejifanya anapanga chupa, alikuwa akisikiliza kila neno. Baadaye alikiri kwamba siku simu isipolia hata yeye alikosa raha.

Mapenzi yao yakaenda vizuri kwa miezi kadhaa, mpaka mchana ule Sindano alipotoka kwenda kununua vifungo mtaa wa pili. Akamwona fundi wake, ovaroli kaivua, kavaa shati la mistari na kichana kimepita kichwani, anaingia kwa mshonaji mwingine na kitambaa cha zambarau chenye maua madogo. Kitambaa cha gauni la mwanamke. Sindano alirudi bila vifungo. Jioni simu ilipolia alimuuliza tu mchana alikuwa wapi. Fundi akajibu kwamba alikuwa kazini siku nzima, juu, na upepo ulikuwa mwingi.

Uongo ule ndio uliomkata maini. Kuanzia siku ya pili, muuza dawa akigonga ukuta, Sindano alizidi kukanyaga cherehani. Fundi alikuja mwenyewe mara mbili, akaambiwa duka limejaa. Halikuwa limejaa. Sindano alilia akishona, akafumua, akashona tena, na wateja wa wiki ile walipata nguo zenye mishono imara kuliko kawaida.

Jumamosi fundi akarudi, safari hii hakuwa peke yake. Alimshika mkono mwanamke mtu mzima, mfupi, mwenye macho ya utani kama ya mwanawe. Alivaa gauni la zambarau lenye maua madogo. Mkono mmoja wa gauni ulikuwa mrefu kuliko wa pili, na kola imekaa upande kama kofia ya mlevi.

"Huyu ni mama yangu," fundi akasema. "Nilitaka aje kukuona amependeza, na wewe usijue. Sasa amekuja hajapendeza, na wewe umejua. Tumekuja kuposa hivyo hivyo."

Sindano aliamkia kwa adabu, akamkaribisha mama kiti. Kisha akamwomba avue lile gauni, kwa sababu hawezi kujibu jambo zito kama hilo huku analiangalia. Mama akajifunika kitambaa cha pazia, akakaa akitazama mikono ya yule binti ikifumua, ikikata, ikirudisha. Fundi alisimama mlangoni akihamisha uzito mguu huu na ule. Hatimaye uvumilivu ukamwishia, akauliza gharama za matengenezo ni kiasi gani.

Sindano hakuinua kichwa. "Wateja wote hulipa," alisema. "Mama mkwe halipi."

Wakaoana. Maisha yao hayakuwa ya kutangazwa. Yalikuwa ya taulo zenye alama za grisi na pini zilizopotea kitandani, ya kununiana asubuhi na kutaniana jioni. Walijaliwa binti mmoja, aliyekua akasomea uuguzi. Fundi aliendelea kupanda na kushuka majengo ya watu mpaka nywele zikawa nyeupe. Asubuhi moja, akifunga kamba za viatu ili aende kazini, moyo wake ulisimama. Alikuwa ndiyo kwanza amemtania mkewe juu ya chai iliyokosa sukari.

Msiba ulipokwisha na watu kutawanyika, binti alihamia kwa mama yake, akashika nyumba. Picha ya baba akaiondoa ukutani, akaifunga kabatini. Jamaa waliokuja kuwajulia hali aliwapokea mlangoni na kuwaomba kwa sauti ya chini wasimtaje marehemu. Baba mdogo alipoanza siku moja, "Kaka alikuwa na..." binti alimkata akamuuliza kama ataongeza chai. Katika kazi yake alijifunza kwamba kidonda hakichokonolewi.

Sindano aliona yote hayo. Akadhani mwanawe ameamua kufunga ukurasa, kwamba jina la baba linamuumiza, naye kama mzazi akamheshimu. Basi mama na binti wakala meza moja, wakazungumzia bei za nyanya, mvua na majirani, na yule mtu aliyewapenda wote wawili akawa hatajwi katika nyumba yake mwenyewe.

Lakini dukani ilikuwa habari nyingine. Huko Sindano alikuwa na mabibi harusi, na bibi harusi anapopimwa gauni hana pa kwenda. Pini midomoni, Sindano aliwasimulia habari za mumewe: zile ngazi, zile hongera za bure, gauni la zambarau. Alisimulia akicheka. Alikwisha kulia machozi ya kutosha miezi ya mwanzo. Sasa kumtaja kulimpa raha, kama kuota jua baada ya kukaa ndani.

Mmoja wa mabibi harusi hao alikuwa muuguzi. Akaenda kazini akamwambia mwenzake, binti wa Sindano, kwamba mama yake ni hazina, amemchekesha na habari za marehemu mpaka pini ikamchoma.

Jioni ile binti alirudi nyumbani bado kavaa sare nyeupe, akakaa bila kuvua viatu.

"Mama, wateja unawasimulia habari za baba. Mimi unanificha."

Sindano akaacha kumenya viazi. "Nani kaficha? Picha kaifungia kabatini nani?"

"Niliogopa utalia."

"Na mimi niliogopa wewe ndiye utalia."

Wakatazamana. Kisha binti akalia kweli, kilio kilichokuwa kimemsubiri karibu mwaka mzima, na mama akamkumbatia na mikono yake yenye maji ya viazi. Hakumnyamazisha. Machozi yalipopungua alimsimulia kila kitu tangu lile jengo refu, kwa kirefu kuliko alivyowahi kumsimulia bibi harusi yeyote, na kwenye kola ya mama mkwe binti alicheka mpaka kamasi zikamtoka.

Akajifuta. Akasema na yeye analo moja, pengine mama analijua.

Alipokuwa mdogo, baba alikuwa akimchukua shule jioni, wakipita kumfuata mama kazini. Lakini hawakuingia moja kwa moja. Walisimama kwanza ng'ambo ya barabara, karibu na duka la viatu, wakamtazama kupitia dirisha. Binti alitaka kukimbia avuke, baba akamshika mkono.

"Alikuwa ananiambia, 'Ngoja kwanza. Tukiingia atatununia kwa kuchelewa. Sasa hivi bado anaimba.'"

Sindano hakuwa akilijua hilo. Kwa miezi yote alikuwa ameamini kwamba mumewe amekwisha, kwamba yeye amebaki na yale yale ya zamani ya kuhesabu na kurudia.

"Mlikuwa mnasimama kila siku?"

"Kila siku, mama. Mpaka miguu inaniuma."

"Nilikuwa naimba nini?"

"Sijui. Tulikuwa tunaona mdomo tu."

Mama akavuta kiti karibu, akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Hebu anza tena," alisema. "Mlipotoka shule. Na usiruke kitu."