Shangazi Hakuwa Mkunga

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa na kazi tatu: kufagia, kuosha vyombo, na kuokota vipande vya uzi chini ya cherehani ya mama. Mama alikuwa fundi wa nguo. Siku ile alishona mkono mmoja wa shati, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi, akakaa, akasimama tena. Mimba yake ilikuwa imetimia, tumbo lilikuwa limeshuka na hakuna kiti kilichomfaa. Baba alikuwa mbali kwenye kazi ya ujenzi, na siku hizo nyumbani kwetu hakukuwa na simu.

Saa moja na nusu aliniita. Maji yalikuwa yametapakaa chini ya kiti chake.

"Chupa imepasuka," alisema. "Tazama saa, uikumbuke. Nenda kituo cha afya umwambie mkunga. Ukishamwambia yeye, ndipo umpitie shangazi yako. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Nilisikia vizuri, lakini sikufuata.

Marehemu shangazi yangu alikuwa msindikizaji wa wajawazito. Mwanamke akishikwa na uchungu, shangazi alikaa naye tangu mwanzo mpaka mwisho. Alimkanda mgongo, akamtembeza, akamnywesha maji, akamtoa hofu. Watu mtaani walimwita mkunga, naye kila mara alikataa. "Mimi si mkunga, jamani. Mimi nasindikiza tu." Nilidhani anajishusha, kama mpishi hodari anayesema chakula chake hakina chumvi. Shuleni nilikuwa nikijigamba kwamba shangazi yangu amezalisha nusu ya darasa letu.

Kwa hiyo nilipofika njia panda, kituo kikiwa kulia na kwa shangazi kushoto, nilikata kushoto. Niliona hakuna haja ya kusumbua wawili wakati mmoja anatosha.

Mlango wake ulikuwa na kufuli. Jirani yake, tuliyemwita Mama Habari kwa sababu hakuna lililompita, alikuwa anaanika nguo.

"Shangazi yako ametoka alfajiri," alisema. "Yuko kwa mke wa seremala, yule aliyejifungua juzi."

Nilimwachia ujumbe, nikakimbia kwa seremala. Huko nikaambiwa ametoka sasa hivi, amekwenda kwa mwalimu. Kwa mwalimu wakasema labda yuko sokoni. Sokoni nilizunguka safu zote mara mbili, mpaka muuza vitunguu akaniuliza kama nimetumwa kuhesabu meza zao.

Saa nne nilirudi nyumbani. Mama alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba.

"Wanakuja?" aliuliza.

"Wanakuja, mama."

Nilijiambia kwamba si uongo, maana shangazi angepewa ujumbe. Nikatoka tena kabla mama hajauliza la pili. Sikuweza kukaa, wala sikuweza kumtazama.

Nilimpata shangazi inakaribia saa saba, ndiyo kwanza anafungua kufuli lake.

"Shangazi, chupa ya mama imepasuka."

"Mkunga amesemaje?"

Nilitazama chini.

"Nakuuliza wewe. Mkunga amesemaje?"

"Sijaenda. Nilijua wewe unatosha."

Shangazi hakufoka. Alilifunga tena lile kufuli. "Kimbia kituoni. Waambie waje na gari. Mimi nakwenda kwa mama yako."

Mkunga alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alisikiliza huku akivuta daftari.

"Chupa imepasuka saa ngapi?"

Ningesema saa moja na nusu, angeniuliza nilikuwa wapi muda wote huo. "Saa sita," nilisema. Akaandika, na baada ya hapo hakuna aliyemwuliza mama saa.

Gari lilimleta mama kituoni, na mimi nikaachwa kwenye benchi la ukumbini. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikasahau, nikaanza upya. Nilisimama, nikakaa. Upepo ulipoinua pazia la mlangoni niliwaona wote wawili ndani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hawafanyi kazi moja.

Mkunga aliweka kifaa cha mbao kama faneli juu ya tumbo la mama, akasikiliza moyo wa mtoto huku akitazama saa yake. Alipima shinikizo la damu, akaandika, akatoka kwenda kwa mzazi mwingine, akarudi, akapima tena. Shangazi hakugusa kifaa hata kimoja. Lakini hakutoka.

"Pumua na mimi, wifi. Toa polepole. Huo umepita, haurudi. Unakuja mwingine, nao utapita."

"Wifi," mama alisema akihema, "kaka yako akirudi, mwambie huyu ndiye wa mwisho."

"Ulisema hivyo hivyo kwa huyu aliyekaa nje."

Mama akacheka kidogo, kisha akakunja uso tena.

Saa kumi na moja mkunga alisimama mlangoni na kipimajoto mkononi, akamwambia nesi mwenzake, "Joto la mama linapanda, na moyo wa mtoto unakwenda mbio. Sielewi. Chupa imepasuka saa sita tu."

Nilimtazama shangazi. Nilingoja aseme neno, afanye jambo. Alikuwa ameshika mkono wa mama, uso umesawijika. "Kumtuliza naweza," alimwambia mkunga. "Hilo la joto siliwezi. Ni lako."

Niliinuka.

"Si saa sita," nilisema. "Ni saa moja na nusu asubuhi. Nilidanganya."

Mkunga alinitazama mara moja tu. Hakuwa na nafasi ya kunigombeza. Aliikata ile saa kwa kalamu, akaandika nyingine. "Nesi, dawa ya sindano, sasa hivi. Na mpigie daktari wa hospitali kubwa. Dereva asiondoke."

Mkunga na nesi walipishana mlangoni, huyu na chupa ya dripu, yule na trei. Mimi nilitembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Jua lilizama, taa za ukumbini zikawashwa. Nilisikia sauti ya mkunga ikisema sasa sukuma, na sauti ya shangazi chini yake ikisema niko hapa. Kisha kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko siku nzima. Halafu mtoto akalia.

Baada ya muda mkunga alitoka akifuta miwani. "Una mdogo wako wa kiume. Tutaendelea kumpa dawa na kumwangalia, lakini anapumua vizuri, na mama yako joto limeanza kushuka." Akainama kidogo. "Ile chupa ni kama mlango uliofungwa. Ukifunguka, vijidudu hupata njia. Ndiyo maana nahesabu saa. Uliponipa saa ya uongo, nilitulia wakati nilipaswa kuharakisha."

Alirudi ndani. Shangazi alitoka, akakaa kando yangu akijikanda vifundo vya mikono.

"Umenikasirikia?" niliuliza.

"Sana."

"Lakini watu wote wanakuita mkunga."

"Na mimi huwaambiaje? Ningebaki na mama yako nyumbani, ningemkanda, ningemfariji, na joto lingepanda mikononi mwangu nisijue la kufanya. Mkunga amelisomea. Ila leo ana wazazi watatu. Akikaa na mmoja kutwa, wawili watateseka peke yao. Ndiyo maana tunakuwa wawili, kila mtu na lake. Mtu akikuambia kazi fulani haiwezi, mwamini, mwanangu. Hajishushi. Anakukinga. Na aliyekutuma akikuuliza, mwambie ulikofika kweli, hata kama hukufika alikokutuma."

Alisimama, akaninyooshea mkono.

"Sasa twende kwa mama yako. Amesema saa nne ulimwambia tunakuja. Ukamwambie ulikuwa unatoka wapi."

"Mwambie wewe, shangazi."

"Nitakushika mkono," alisema. "Kusema, utasema mwenyewe."