Koo la Redio

Saa kumi na mbili unusu jioni, siku ya Ijumaa, Annah alishuka kituo cha Adams Arcade, Nairobi, kuchukua redio ya mumewe kwa fundi. Mumewe, Makau, karani wa serikali mchana na mvumbuzi jioni, alikataa kwenda mwenyewe. Alisema anaona haya. Haya ya nini, hakueleza.

Kama ni haya, Annah aliwaza, ingeanzia nyumbani. Kengele ya mlango ililia kila friji ilipowaka. Pasi ilifunguliwa mwaka wa themanini na sita, na sasa mwaka wa tisini unabisha hodi nayo bado iko wazi, matumbo nje. Televisheni ilitaka kofi la shavu la kushoto ndipo itoe picha. Na redio hii, ambayo Makau aliiunda kwa vipuri vya Kirinyaga Road, ilikaa miaka sita bila kutoa hata mkoromo.

Mwezi uliopita ikaongea, hadi wiki hii ilipozima tena.

Mwezi uo huo, sauti ya Annah ikaanza kukauka.

Mwanzo ilikwama asubuhi tu. Kisha ikawa adhuhuri. Sasa ulibaki mnong'ono. Daktari alimmulika koo akasema haoni kitu, anywe maji ya vuguvugu. Mwalimu mkuu alimpa muda hadi muhula ufunguliwe, kwa sababu mwalimu wa kemia asiye na sauti mbele ya wasichana arobaini ni ubao mwingine tu ukutani.

Balwant Singh, fundi mwenye ndevu nyeupe, alikuwa ameshafunga nusu ya mlango wa duka. Siku nyingine angemtania Annah kuhusu mumewe anayeharibu vitu ili fundi apate kula. Leo hakutania. Redio ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kwa taulo.

"Mama, chukua. Mimi hapana taka pesa."

"Imeharibika?" Annah alinong'ona.

"Ikiharibika mimi nafurahi." Akaifunua, akaigeuza. "Angalia. Betri hakuna. Waya ya stima hakuna. Mimi natoa yote juzi." Akaangalia mlango. "Jana inaniita. 'Singh, funga mlango, kuna baridi.' Ni sauti ya wewe, mama. Ile ya zamani, ile mzuri."

Annah alitaka kumcheka. Hakikutoka kitu. Hata kicheko kinataka koo.

Mzee akashika koleo, akainua koili kutoka tumboni mwa redio, ule waya wa shaba uliozungushwa na kuzungushwa. Harufu ikapanda, harufu ya nywele zilizochomwa.

"Hii nafunga nani?" akauliza kwa sauti ya chini. "Nusu waya. Nusu..."

Akamsogezea koili.

Annah aliinama. Kati ya shaba na shaba kulikuwa na nyuzi nyeusi, nyembamba, zimebanwa kwa ustadi. Na humo humo, kipande cha uzi wa buluu wa kusukia.

Uzi wake. Nywele zake.

Shahada haikuwahi kumfundisha Annah kuacha nywele ovyo. Nyumbani kwao Machakos mwanamke akifumua nywele hukusanya hadi unywele wa mwisho, akauteketeza mwenyewe. Mambo ya kishamba, alizoea kusema, huku akikusanya. Ila tangu mwaka jana, kila Jumamosi akifumua, Makau alikuwa akinyoosha mkono. "Lete nikakuchomee, mpenzi. Wewe pumzika."

Naye alipumzika. Tena alijisifu kwa walimu wenzake: wangapi wana mume wa namna hiyo?

Alipofika nyumbani, mtaa wa Satellite, giza lilikuwa linaingia. Redio ilikuwa na joto kwapani mwake, kama mtoto aliyelala. Makau alikuwa mezani, chuma cha kulehemu mkononi, moshi mwembamba ukipanda. Hakumtazama mkewe. Aliitazama redio.

"Imepona?"

Annah aliiweka mezani, mgongo wazi. Akauelekezea kidole ule uzi wa buluu.

Makau aliona. Friji ikawaka, kengele ya mlango ikalia, kengele ikanyamaza.

"Ni mzee mmoja wa vipuri aliniambia," akasema hatimaye. "Alisema mashine ya nyumbani hukataa kuongea mpaka ipewe kitu cha mtu anayeongea nyumbani. Kidogo tu, Annah. Alisema utakohoa wiki moja."

"Na wewe... ukaamini?"

"Miaka sita! Kila ninachogusa kinakufa. Kazini wananiita Injinia, halafu wanacheka. Wewe pia ulicheka."

"Kwa nini si nywele zako?"

Swali hilo halikuwa limemjia Makau hata siku moja. Annah aliona hivyo usoni pake, na likamuuma kuliko koo.

"Nirudishie," akanong'ona.

"Sijui namna. Yule mzee nimemrudia mara tatu. Pale alipokuwa akikaa wanasema hapajawahi kukaa mtu."

Ndipo redio ikakohoa.

Ikasafisha koo, taratibu, kama Annah alivyokuwa akifanya kabla ya kuanza somo.

"Makau," ikasema. "Umekula?"

Sauti nzito kidogo, tamu, yenye kucheka pembeni. Annah aliitambua: yake mwenyewe. Lakini alichokiona ndicho kilichomtia baridi. Makau alikuwa amegeuka. Uso wote umelainika. Alikuwa akitabasamu, tabasamu ambalo Annah hakulipata tangu mwaka wa harusi.

"Makau, mimi niko—"

"Ngoja kwanza, Annah," akasema bila kugeuka. "Anaongea."

Anaongea.

Annah akachukua koleo mezani. Akaingiza ncha za koleo ndani ya koili, akaubana uzi wa buluu pamoja na nywele. Maumivu yakampasua koo, makali, kama amemeza mwiba wa samaki. Hakuachia. Akavuta. Unywele mmoja ukakatika, na kwa nukta moja akasikia sauti yake ikitoka mdomoni mwake mwenyewe, nzima, "Aah!"

Basi inawezekana. Akabana tena.

"Makau," redio ikasema kwa upole. "Mshike mikono."

Makau akainuka.

Hakumpiga. Alimkumbatia kwa nyuma, akamshika viganja vyote viwili, na koleo likaanguka sakafuni. Kiti kikapinduka. Sahani ikavunjika.

"Nisamehe," alimnong'oneza sikioni. "Kidogo tu. Nisamehe."

Mlango ukagongwa.

"Hodi! Annah? Kuna nini huko?" Alikuwa Peres, nesi wa nyumba ya pili, mwanamke wa miraba minne ambaye angemng'oa Makau kwa mkono mmoja. "Mwalimu, uko sawa? Nivunje mlango?"

Annah alijaza kifua pumzi. Akaachama. Akasukuma kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo ikamsimama.

Upepo tu.

"Niko sawa, Peres," redio ikajibu, kwa uchangamfu. "Sahani imeniponyoka. Hebu nisikie basi, koo limefunguka!"

"Ai! Mungu ni mwema!" Peres akapiga makofi nje ya mlango. "Si nilikwambia ni tangawizi? Haya, lala salama, mwalimu."

"Lala salama, dada."

Ndara za Peres zikaburuzika kwenye saruji, zikaenda, zikaenda. Mlango wake ukafungwa.

"Sasa, Makau," redio ikasema. "Lete kichana."