Kamera Inayojitafutia Sura

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipoingia dukani kutafuta kamera. Mama yake alizikwa bila kuacha hata picha moja, na sasa baba alikuwa hoi kitandani. Safari hii hakutaka kuchelewa. Tangu mazishi alikuwa na ganzi mwili mzima. Juzi sindano ilimpenya kidole, akaendelea kushona.

"Hizi za kubadilisha lenzi zitakusumbua, dada," muuzaji alisema. "Zinataka ujuzi, na zinakula pesa. Kwa anayeanza, chukua hii. Inatafuta sura yenyewe. Ukiona mraba wa kijani umetulia usoni, bonyeza. Imetumika kidogo, ndiyo maana nakupunguzia."

"Mwenyewe aliiuza kwa nini?"

Muuzaji akashusha sauti. "Alidai inaona watu ambao hawapo..."

Kisha akacheka, akajielekezea kamera. Mraba ukatangatanga, haukutulia.

"Sura yangu hata mashine imeikataa!" Akamwelekezea fundi.

Tii.

Mraba ukatulia papo hapo. "Umeona? Wewe imekupenda."

Wahenga walisema rahisi ni ghali, lakini wahenga hao hawakumwekea kitu mfukoni. Akainunua.

Chumba cha baba kilinuka dawa, kama kawaida. Jioni hiyo kilinuka pia mafuta ya nywele ya mama. Fundi alisikia harufu ile, akaiacha ipite. Akamwinua baba kwenye mto, akamlenga.

Mraba ukahangaika. Ukampita baba. Ukaenda kwenye kiti kitupu kando ya kitanda.

Tii.

Akasogea karibu, akajaribu tena. Kiti kilekile.

"Baba," alinong'ona, "hapo amekaa nani?"

"Mama yako. Yupo tangu mchana."

"Amekufuata?"

Baba akafumba macho. "Nilidhani hivyo... Amesema si mimi."

Fundi akamkumbuka muuzaji na kicheko chake. Mzima wa afya, kamera ikamkataa. Baba naye, pamoja na kuugua kwake, imemkataa. Taratibu akaigeuza kwenye kioo cha kabati, akajitazama.

Tii.

Alingoja hofu ije. Haikuja. Aliona uchungu kidogo tu, kwa mbali, kwamba baba atabaki peke yake, tena bila picha ya mtu yeyote.

Akamwekea kamera mikononi.

"Shika, baba. Mraba ukitulia, bonyeza hapa. Hata asiyejua anaweza."

Akaketi sakafuni, akaegemea kile kiti. Mzee akainua kamera, akawalenga.

Tii.

Tii.

"Miraba ni miwili, mwanangu," baba alisema, machozi yakimtoka. "Imetulia yote miwili."

Kitu kikamgusa fundi begani, polepole, kama mama alivyokuwa akimwamsha asubuhi. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alihisi kitu. Alihisi baridi.

"Bonyeza, baba."