Sauti Iliyokwama Kwenye Kinasa

"Chomoa tena, mwanangu," alisema Mzee Jafari.

Fundi Kasiani akauchomoa waya wa kinasa cha sauti, akauchomeka kwenye tundu la nyuma la kompyuta. Wakangoja.

"Haikioni, mzee. Taa ya kinasa inawaka, moto unaingia, lakini kompyuta inasema hakuna kitu."

"Hakipigiki chenyewe?"

"Spika imekufa, na tundu la kusikilizia limeliwa na kutu. Imebaki njia ya waya tu."

Zuhura, shemeji yake Jafari, alitazama nje ya duka lile la mtaa wa Chuno. Vivuli vilikwisha kuvuka barabara.

"Shemeji, eda ya dada inakwisha leo Magharibi. Neno moja tu linakushinda? Sema umemrejea mkeo, twende zetu."

"Niliapa nitamrejea kwa ushahidi. Nirudi nyumbani na shaka yangu?"

"Basi baki nayo. Itakupikia uji."

Miezi mitatu ilikuwa ikitimia siku hiyo tangu Jafari amwandikie Rukia talaka moja, baada ya miaka thelathini na moja ya ndoa. Selemani, mwenzake wa safu ya mbele msikitini, alimwapia kwamba amemwona Rukia kule kivukoni Kilambo, akipanda mtumbwi na Mussa, mumewe wa kwanza, siku ileile aliyoaga kwenda kusoma maulidi mtaa wa Ufukoni. Wanawake kumi na wawili walikuja kumtolea Rukia ushahidi. Jafari akawajibu kwamba wanawake husitiriana. Kinasa kilichonasa maulidi yale kilikuwa Masasi, kwa binti wa mwenye shughuli. Kilirudi mchana wa siku hii ya mwisho.

Kasiani akaizima kompyuta, akaiwasha upya. Ikakoroma kama mgonjwa. Jafari akahesabu tasbihi, hesabu ikampotea, akaanza tena. Moyo wake ulikwisha kumrejea Rukia zamani. Ulimi ndio uliokataa.

"Mama, waya huu mmeutoa wapi?" Kasiani alimuuliza Zuhura ghafla.

"Wa chaja. Wa kinasa chenyewe ulipotea Masasi."

"Ala! Huu unapitisha moto tu, habari haupitishi. Tungekaa hapa mpaka Idi!"

Akatoka mbio hadi studio ya picha ya Yustina, jirani yake, akarudi na waya wa kamera. Akauchomeka. Kompyuta ikalia mara moja, faili likajitokeza, na tarehe yake ilikuwa siku ileile ya maulidi.

Vishindo vya dufu vikajaa dukani. Kisha ikapaa sauti moja juu ya nyingine zote, ikisoma kasida ambayo Jafari mwenyewe alimfundisha Rukia katika mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Ndiye! Sema sasa, shemeji!"

Jafari akainua mkono.

"Ngoja. Ubeti wa mwisho huuchelewesha, kama mtu asiyetaka kuaga. Nikiusikia huo, nitakuwa na yakini."

"Shemeji, jua!"

"Beti mbili tu, Zuhura."

Kabla ya ubeti wa pili, adhana ya Magharibi ikapaa kutoka msikitini.

"Nimemrejea!" Jafari alipiga kelele. "Nimemrejea mke wangu!"

Zuhura akajifunika uso kwa kanga. "Eda imekwisha, shemeji." Jafari akaitoa simu, akampigia Rukia.

"Asalaam alaikum, Rukia."

"Waalaikumu salaam, Bwana Jafari."

Hakuwahi kumwita hivyo. Maisha yote alikuwa Baba Shamimu.

"Nimekusikia, Rukia. Ulikuwa Ufukoni."

"Nilikwambia nilikuwa Ufukoni."

"Selemani alikosea, nami nilimsadiki. Nitaleta posa. Tufunge ndoa upya, kwa mahari utakayotaja wewe."

Rukia akasema polepole:

"Tangu Alasiri nimekaa mlangoni, nimevaa ile kanga uliyoninunulia Shamimu alipozaliwa. Ungekuja na shaka yako ningekupokea, tukaishi nayo. Lakini umekaa huko ukingoja mashine ikuambie mimi ni nani."

"Rukia, nihurumie."

"Mungu atuhurumie sote. Posa usilete. Nenda ukaswali, Magharibi ina wakati mfupi."

Simu ikakatika.

"Nizime, mzee?" Kasiani aliuliza kwa upole.

Jafari akatikisa kichwa. Kwenye kompyuta Rukia alikuwa amefika ubeti wa mwisho; akauchelewesha, kama ada yake. Wanawake wakaitikia amina. Kisha faili likafika mwisho.

"Rudisha nyuma," alisema Mzee Jafari.