Pumzi za Matumbawe

Rafiki yangu Barnabas, wakala wa forodha pale Malaba, alijaza tangi dogo la kioo maji ya chumvi, akabandika juu ya vijiwe vipande vya matumbawe alivyoletewa na dereva wa lori kutoka Mombasa, vikaanza kukua. Jioni moja mvua ilinyesha, stima ikapotea. Pampu ya kuingiza hewa tangini ikanyamaza, nyumba ikawa giza totoro.

"Yakikosa hewa yatakufa yote," akamwambia mkewe, Nafula.

"Si upulize, Baba Job?"

Akapuliza kwa mpira mwembamba hadi kifua kikawaka moto. Akashindwa. Akautoa mpira majini, akaketi.

Maji yakaendelea kububujika. Yakatulia, kitu kikavuta pumzi, yakabubujika tena.

"Basi pumzika kidogo," Nafula akamsihi gizani. "Utazimia."

Mpira ulikuwa mapajani mwa Barnabas.