Benchi la Sajenti Chande

Benchi la barazani lililia saa nane usiku. Si mlio mkubwa, ni ule mkwaruzo wa mbao kuukuu mtu anapozikalia, na Twaiba aliujua vizuri, maana tangu aolewe katika nyumba ile ya Msambweni alikuwa akiusikia kila siku. Baba mkwe wake, Sajenti Chande, alikuwa polisi kwa miaka thelathini na moja, na watu hawakuwa na subira ya kumfuata kituoni. Aliyeibiwa mbuzi alikuja kuketi pale. Aliyepigwa na mumewe alikuja kuketi pale. Kwa hivyo Twaiba hakushtuka. Alimhamishia mwanawe Hanifa titi la pili, akamsikia mzee akifungua mlango na kuuliza kama aulizavyo siku zote.

"Jina lako nani?"

Mlango ukafungwa polepole. Komeo likaingia. Kisha na lile komeo la chini, ambalo Twaiba hakuwahi kulisikia likifungwa.

Asubuhi alipomwandalia chai alimuuliza, "Baba, nani alikuja usiku?"

"Hakuja mtu." Mzee aliacha chai ikapoa. Alibakisha siku tisa astaafu, na wiki nzima alikuwa akizitaja kwa furaha, lakini siku hiyo hakuzitaja. Alipokwisha kuvaa kofia aligeuka. "Mgeni akija nami sipo, muulize jina kwanza. Kabla ya maji, kabla ya kumkalisha. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, baba."

Alisikia, ndiyo, lakini Twaiba alilelewa na nyanyake, na kwa nyanyake mgeni huketishwa, akapewa maji, akapumua, ndipo mambo mengine. Umuulize mtu mzima jina hata hajatua? Utasemwa huna adabu, utasemwa hukufundwa.

Jioni benchi likalia tena. Twaiba akatoka na mtoto kiunoni. Bi kizee mmoja alikuwa ameketi, kajifunika leso mpaka kwenye nyusi, na leso ile ilinuka moshi. Twaiba akadhani katoka jikoni, kwani wangapi bado wapikia kuni?

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sajenti yupo?"

"Yuko kazini. Karibu, nikupe maji."

Bibi hakuyanywa. Aliyamimina juu ya nyayo zake, polepole, huku amefumba macho, kama mtu anayepoza kitu. Kisha akanyoosha mikono, na Twaiba akampa mtoto, maana mzee akitaka kumpakata mtoto humnyimi.

"Huyu ameandikwa?"

"Cheti cha kuzaliwa bado, bibi. Babake yuko kazini hotelini Diani, hajapata siku ya kwenda Kwale."

"Aa." Bibi akaushika wayo wa Hanifa, akaukandamiza kwa dole gumba. "Basi ni mwenzangu. Mwambie Sajenti ningali nangoja aniandike."

Twaiba aliingia ndani kuepua sufuria ya kunde. Aliporudi, Hanifa alikuwa peke yake juu ya benchi, macho yanatazama njiani. Sakafu ilikuwa kavu.

Mtoto hakulia. Hakunyonya. Hakupepesa. Twaiba alimpigia baba mkwe wake simu akilia, maneno yakipandana, na mzee akaja mbio na bodaboda.

"Ulimuuliza jina?"

"Sikumuuliza, baba."

Sajenti Chande aliketi sakafuni na sare zake zote. Akasema kwa sauti ndogo, bila kumtazama. Miaka kumi na miwili nyuma, Ramadhani, magharibi imekaribia, bibi mmoja aitwaye Mbodze alifika kituoni. Wapwa zake walitaka shamba lake. Walikuwa wamemwita mchawi, wakamwambia usiku ule hataumaliza. Aliomba mambo mawili tu, aandikwe katika OB, kitabu cha matukio ya kituo, na asindikizwe nyumbani. Tende zilikuwa mezani. Uji ulikuwa mezani.

"Nikamwambia, nenda mama, njoo kesho. Usiku huohuo wakamchoma ndani ya nyumba yake. Mimi ndiye niliyeokota mifupa. Na hakuna aliyejua kwamba alikuja kwangu, kwa sababu sikuandika."

"Nenda ukaandike, baba."

"Nikiandika nitafungwa. Siku tisa, mwanangu. Zimebaki siku tisa."

Twaiba alimsogezea mtoto usoni. Pumzi ya Hanifa ilinuka moshi.

Mzee akainuka, akaiweka kofia sawasawa. Mlangoni akanong'ona, "Kitabuni nitayaandika, lakini humu nyumbani haya niliyokwambia yaishie hapa. Usimwambie mtu. Hata Swabir mumeo."

Akaenda.

Twaiba alihesabu pumzi. Zilikuwa chache. Zikapungua. Moja. Akangoja. Nyingine. Akangoja. Akangoja.

Hanifa akapiga ukelele, akalitafuta titi. Na hapohapo msikitini kukaadhiniwa magharibi.

Baada ya isha alikuja Konstebo Nzai, kofia mkononi.

"Pole, dada. Mzee ametutoka. Aliingia, akafungua OB, akaandika, akaweka kalamu. Tulidhani amesinzia." Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Kaandika habari ya Mbodze yule aliyechomwa. Kwenye sahihi ya mlalamishi pana alama ya dole gumba, mbichi, na wino wetu umekauka tangu mwaka jana. Mstari wa mwisho unasema, 'Namsindikiza nyumbani mwenyewe.' Hakutoka kitini, dada, sote tulikuwapo. Lakini viatu vyake vimejaa majivu."

Walimzika kesho yake. Siku ya tatu ya matanga, Twaiba akimwogesha mtoto, aliiona. Chini ya wayo, alama nyeusi ya dole gumba, mistari yake yote inahesabika. Alitia sabuni. Alitia mafuta ya nazi. Alisugua mpaka mtoto akalia. Akashindwa kuvumilia, akamvuta chumbani mamake mzazi, Maimuna, aliyekuja matangani, na kumweleza yote, mwanzo hadi mwisho.

Usiku ule benchi likalia. Likatulia. Likalia tena, kama aliyetangulia amesogea kumpisha mwenzake.

Hanifa akanyamaza titini. Akageuza macho mlangoni. Hakupepesa.

"Uliyemwambia," ikauliza sauti ya mzee nje ya mlango, taratibu, kama alivyowauliza watu miaka thelathini na moja, "jina lake nani?"

Mamake alikuwa amelala chumba cha pili. Twaiba alimsikia akikoroma, akajua jina lile hatalitaja. Akajiziba mdomo kwa leso, kisha akaiondoa.

"Hakuna, baba. Na mwingine sitamwambia. Wallahi, sitamwambia mtu mwingine."